Mfalme wa Unga

Sehemu ya Tisa: Mwenye Njaa

"Mfalme gani?"

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, na najua wengine mlilikunja gazeti mkanilaani. Haya, leo namalizia kauli ya Warda. Ila aliyelala na hasira wiki jana asitarajie kulala na furaha leo.

Tuko Tel Awra, kando ya mto Khabur, uani mwa kanisa la chini. Ni Alhamisi Kuu asubuhi, na mwaka huu kalenda zote mbili zimekutana. Masufuria ya dolma za mfungo, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, yanatokota, na Askofu yuko njiani kutoka mjini. Akifika tu, kanisa la juu na kanisa la chini, yaliyogombania kalenda tangu enzi za babu zetu, yatakuwa kanisa moja. Si kwamba tumependana ghafla. Tumebaki wachache. Wengine vita viliwala na wengine wako Ulaya wanakoroga theluji.

Warda ni mmoja wa hao wa Ulaya. Alirudi kwa ajili ya sherehe, na Mungu alimnyima breki ya mdomo.

"Mfalme gani unakwenda kumchanganya, Baba Kasisi?" alisema, akitabasamu bila ubaya wowote. "Siku ile wenye bendera nyeusi wanatuachia kutoka kifungoni, walitupekua mpaka soksi. Nilikuwa nyuma yako. Ulitoka mikono mitupu kama mimi. Au mlipata mwingine kijiji cha jirani?"

Wapishi wote wakageuka.

Kwetu Mfalme ni unga. Ni unga wa ngano, chumvi na mafuta ya zeituni, na chembe yake hutiwa ndani ya kila mkate wa Sadaka. Kila Alhamisi Kuu kasisi huchanganya wa zamani na mpya, na ule wa zamani ulishachanganywa na wa zamani zaidi, kurudi nyuma hivyo hivyo hadi kwenye meza ya Bwana mwenyewe. Ukikatika, umekatika. Mkate usio na Mfalme ni mkate wa chai.

Kasisi Odisho wa kanisa la chini, mzee mwembamba kama fito, alikuwa amekumbatia kopo lake la shaba kifuani. Mbele yake alisimama Kasisi Shlimon wa kanisa la juu, mtu wa kifua kipana na sauti ya kengele.

"Mjibu, Kasisi," alisema Shlimon. "Mwambie anaota."

"Haoti," alisema Odisho. "Anasema kweli."

"Rudia."

"Humu ndani mna unga wa msaada. Chumvi nilitia mwenyewe. Mafuta nilitia mwenyewe."

Mwiko ulianguka kwenye majivu. Mjane mmoja, Shoshan, alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea taratibu.

"Kwa hiyo mume wangu ulimpa nini siku ile?"

"Shoshan, dada yangu..."

"Usiniite dada! Anakata roho ananiuliza, 'Nimepokea?' Nikamwambia umepokea, baba, pumzika. Alipokea nini, Kasisi? Unga wa msaada?"

Odisho alilikumbatia kopo kwa nguvu zaidi.

Hapo Shlimon akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alimfungulia mzee mlango wa kutokea.

"Wale watu walikunyang'anya," alisema. "Sivyo? Walikunyang'anya, ukaogopa kusema. Hilo tunaweza kulielewa."

Ndiyo moja tu, wasomaji wangu! Angesema ndiyo, kila mtu angelia, mambo yangeisha. Lakini yule mzee aliyeweza kudanganya kwa unga alishindwa kudanganya kwa mdomo.

"Hapana," alisema. "Wakati wa kuingia kifungoni hawakumwona. Nilimshona ndani ya fulana."

"Sasa alikwenda wapi?"

"Aliliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye njaa."

"Jina lake."

"Sisemi."

"Odisho! Jina!"

"Nimesema sisemi. Nivueni joho, nipigeni, lakini jina hamlipati."

Kutoka nyuma ya masufuria kikapanda kicheko kikavu. Alikuwa Mama Khatun, mama yake Kasisi Shlimon, mjane wa kasisi aliyemtangulia, bibi ambaye hata fimbo yake inaogopwa na mbwa.

"Nilisema mimi!" alipiga kelele. "Nilisema, mkaniita mchawi! Watu waliomhamishia Bwana siku yake ya kuzaliwa washindwe kumla? Wala mayai nyie! Mnavunja mfungo sisi bado tunalia msalabani!"

"Mama, nyamaza," alisema Shlimon, ila uso wake ulikuwa umeshawiva. Alimgeukia Odisho. "Askofu akishuka garini, neno la kwanza atakalosikia kwangu ni hili. Kabla ya salamu. Kanisa la juu haliungani na mwongo."

Akaondoka kwa hatua ndefu, na nusu ya watu wakaondoka naye.

*

Nyumbani, binti yake Nahrin alikuwa anapiga pasi joho la baba yake. Msichana mkimya, mkubwa sasa, wa kuposwa. Na mchumba alikuwepo tayari, kijana wa kijiji cha pili.

"Acha pasi," alisema Shlimon. "Hakuna sherehe."

"Nimesikia. Shoshan amepita hapa analia." Nahrin hakuacha pasi. "Baba, usimseme kwa Askofu."

"Mtu kamtoa Mfalme akaliwa kama bisi, nami nisimseme?"

"Yule mzee alinilisha kule."

Shlimon alisimama. Katika nyumba hiyo "kule" halikuwa neno la kutamkwa. Siku wenye bendera nyeusi walipoingia, yeye alikuwa mjini. Walimchukua mke wake na Nahrin, mtoto mdogo wakati huo, pamoja na watu wa kanisa la chini. Nahrin alirudi. Mke hakurudi. Tangu hapo baba hakuuliza, mtoto hakusimulia, na wote wawili waliita hali hiyo amani.

"Alikulisha nini?"

"Uji."

"Walikuwa wanawapa uji?"

"Hawakutupa kitu, Baba. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi sikuweza hata kukaa. Wanaume waliwekwa chumba kingine, ila yeye kwa uzee wake walimtupa kwetu. Alikuwa anakoroga kidogo kidogo kwenye kizibo cha chupa, ananilambisha kwa kidole."

"Uji wa nini?"

"Sijui. Ulikuwa na chumvi kali. Na ladha ya mafuta ya zeituni. Nilimuuliza, Babu, mafuta umepata wapi? Akaniambia kula mwanangu, jirani ametuletea." Nahrin aliinua pasi. "Alikuwa analia akinilisha. Nilidhani ananililia mimi."

Unga. Chumvi. Mafuta ya zeituni. Kasisi Shlimon alikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa sakafuni.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyu alitukana na mtoto mwenyewe ameshika pasi mbele yake.

"Baba?" Nahrin aliuona ule uso, na rangi ikamtoka. "Baba, ule uji ulikuwa nini?"

Aliyejibu alikuwa mlangoni, na fimbo yake.

"Ulikuwa Mfalme," alisema Mama Khatun. "Mjukuu wangu amemla Mfalme. Bila toba, bila sala, kwa kizibo cha chupa."

"Mama, toka."

"Nani atamwoa akijulikana? Na wewe sasa umeshalainika, nakuona. Utakwenda kumpa yule mzee Mfalme wetu."

"Nitampa nusu."

"Mfalme wa baba yako!" Sauti ya bibi ilikatika. Mimi simpendi yule bibi, lakini siku hiyo alilia machozi ya kweli. "Baba yako alipigwa mawe mlangoni mwao kwa ajili ya kalenda, Shlimon. Mimi ndiye niliyemtoa changarawe kwenye nywele. Kaniambia, Khatun, Mfalme asishuke kule chini. Nikaapa."

"Yule mzee ndiye aliyenirudishia mwanangu."

"Mimi niliapa!"

Shlimon alimbusu binti yake kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti arudi kutoka kifungoni, akatoka mbio bila kofia. Ufunguo wa kanisa la juu ulibaki unaning'inia kwenye msumari wake, karibu kabisa na mkono wa mama yake. Wanaume wenye haraka, jamani!

*

Odisho alikuwa amekaa kwenye vifusi vya kanisa lake la zamani, lile lililolipuliwa. Joho lake lilikuwa limeshakunjwa vizuri pembeni.

"Umekuja kulichukua?" aliuliza. "Lichukue. Limetoboka kwapani, mwambie Askofu asishangae."

"Kwa nini hukusema ni Nahrin?"

Mzee aliangalia viatu vyake.

"Amekuambia?"

"Hakujua. Ameniambia habari za uji."

"Unawajua watu wetu," alisema Odisho. "Angebatizwa jina jipya hapo hapo. Yule aliyemla Mfalme. Asingelivua mpaka kaburini. Mtoto alikuwa ameshampoteza mama, nimwongezee na hilo?"

"Ungeniambia mimi! Mimi ni baba yake!"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Wiki ile tuliyorudi. Nilikuja kukuomba chembe ya Mfalme wako na kukueleza sababu. Mama yako alifungua dirisha, akasema umekwenda mjini."

Shlimon alifumba macho. "Wiki ile sikutoka kitandani, Odisho. Nilikuwa namlilia mke wangu."

"Basi."

"Ungerudi."

"Kesho yake niliona aibu. Kesho kutwa watu wakataka Sadaka, wametoka kifungoni, wananitazama kama watoto wanavyotazama jungu. Nikatia unga."

"Kwa aibu tu?"

"Na kiburi," alisema Odisho. "Kasisi wa kalenda mpya kupiga magoti kwa wa kalenda ya zamani? Tusidanganyane, ndugu yangu. Kama ungekuwa wa kanisa langu, ningelala mlangoni kwako."

Shlimon alimshika mkono akamwinua.

"Twende. Mtungi wangu umejaa. Sheria unaijua, chembe ikichanganywa na unga, wote ni Mfalme. Mbele ya Askofu tutachanganya, na hakuna atakayeuliza zaidi."

"Na Shoshan? Na mume wake?"

Shlimon alilikung'uta lile joho, akamrudishia. Aliyekufa ameshakufa, na mkate wa chai tumboni.

"Twende," alirudia.

Walipanda pamoja, na waliowaona wakabaki midomo wazi. Makasisi wawili wa Tel Awra kushikana mikono mchana kweupe! Walifika kanisa la juu, wakakuta mlango umerudishwa tu. Ndani, kwenye ukuta kando ya altare, kile kijidirisha anapokaa Mfalme kilikuwa wazi. Ufunguo ulikuwa bado kwenye kufuli, na kitambaa kilikuwa sakafuni.

Mtungi haukuwepo.

"Nani mwenye ufunguo huu?" aliuliza Odisho.

Shlimon aligusa kiuno chake, akagusa tena, kama mtu anayetafuta mguu wake mwenyewe. Kutoka chini mtoni ikasikika sauti ya Nahrin.

"Bibi! Bibi, usifanye hivyo! Bibi!"

*

Mto Khabur zamani ulizamisha ng'ombe. Mama Khatun alipoolewa Tel Awra alifua nguo kwenye mawe yale na maji yakamchukulia kanzu ya harusi, hadithi hiyo kila mtu anaijua. Kwa hiyo siku ile ya hasira mguu ulimpeleka palepale, akauinua mtungi kwa mikono miwili, akamtupa Mfalme mtoni ili azame na asishuke kwa wala mayai milele.

Akasahau kwamba mto haupo. Umekauka zamani. Mle mna mawe, mifupa ya samaki na vumbi.

Mtungi ulipiga jiwe ukapasuka, unga ukamwagika mweupe juani. Na mbuzi wa kijiji, wanaoshinda mle wakitafuta majani, wakasikia harufu ya chumvi.

Makasisi walipotokea ukingoni, mbuzi walikuwa wameshaanza kulamba.

"Tokeni!" Shlimon aliteremka kwa matako, akiporomosha mawe, akawapiga mbuzi kwa kanzu yake. "Tokeni! Jamani, tokeni!"

Mtu mkubwa vile, kasisi, alikuwa anamnyang'anya beberu Mfalme wa mitume. Alipiga magoti akaanza kuzoa kwa viganja, lakini alichozoa kilikuwa vumbi la kijivu, na upepo wa kaskazini ukapita ukazoa zaidi yake.

"Waache wale!" alilia bibi kutoka juu. "Bora mbuzi! Bora mbuzi kuliko wao!"

"Mama, umetumaliza," alisema Shlimon bila kuinua kichwa. "Umemaliza kila kitu."

Nahrin alikuwa amemshika bibi yake kiunoni asianguke. Macho yake yalikuwa kwa yule mzee mwembamba aliyekuwa anatambaa pembeni, akigeuza vigae kimoja kimoja.

"Kipo," alisema Odisho.

"Nini?"

"Kitako cha mtungi. Kuna kilichogandia. Usipumulie hapa."

"Kiasi gani?"

"Cha ukucha. Pengine pungufu."

"Cha ukucha kinatosha," alisema Shlimon, na sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Odisho, kinatosha. Kifunike."

Odisho alikifunika kigae kwa kiganja, akainama juu yake kwa kifua, upepo ukimpiga mgongoni. Ndipo honi ikalia.

Gari jeupe lilisimama ukingoni. Nyuma yake wakaja watu wote, wa juu na wa chini, Warda mbele kama kawaida yake, na Shoshan na aproni yake. Askofu alishuka, akashika msalaba wake usiyumbeyumbe, akatazama chini. Aliona mtungi uliopasuka. Aliona mbuzi wenye pua nyeupe.

Hakuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Alihitaji kuelezwa ni nani.

"Ni nani aliyefanya hivi?" aliuliza taratibu. "Aliyefanya hivi kengele ya kanisa haitamlilia akifa, wala mimi sitamzika. Nani?"

Kasisi Shlimon aliinuka nusu. Neno la kwanza lilikuwa lake, si alitangaza mwenyewe? Alimtazama mama yake. Ajuza yule alikuwa ameinamisha kichwa, fimbo imemtoka mkononi, na midomo inatembea bila sauti.

Shlimon alipiga magoti tena.

"Ni mimi, Baba Askofu," alisema Odisho kutoka chini, bado ameinamia kigae. "Wa kwangu nilimpoteza zamani. Na huyu nimemvunja mimi."

"Ewaa!" Shoshan alitema mate kuelekea mtoni. "Laana yako, mzee! Na mume wangu akushtaki mbele ya Mungu!"

Mtu mmoja aliokota jiwe. Sikuona nani. Mwingine akaokota. Warda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliuziba mdomo wake kwa mkono.

"Shlimon," alisema Askofu. "Wewe ulikuwa hapo. Ndivyo ilivyokuwa?"

Kasisi wa kanisa la juu alimtazama mzee aliyemlisha mwanawe. Akamtazama mama aliyemzaa. Sauti ile ya kengele haikutoka.

Nahrin alisubiri. Alimpa baba yake muda wote ambao binti anaweza kumpa baba. Kisha akamketisha bibi yake kwenye jiwe, akamfunika mabega kwa kitambaa chake, akashuka mtoni kichwa wazi mbele ya kijiji kizima na mbele ya shangazi wa mchumba wake, akaenda kusimama kati ya Kasisi Odisho na wenye mawe.

"Nahrin, rudi," alinong'ona Odisho. "Mwanangu, nakuomba. Rudi."

"Baba Askofu," alisema Nahrin, "muulizeni huyu mzee Mfalme wake alimpa nani. Hatawaambia. Mmemshikia mawe na bado hasemi. Basi nitasema mimi. Mwenye njaa nilikuwa mimi."